Namna ya Kuandaa Jioni ya Kuwakumbuka Mabingwa wa NASCAR Waliotutoka Mapema

Kwa muda sasa mashabiki wa NASCAR, mbio za magari za Marekani, wa Ujiji, Gungu na Kibirizi hapa Kigoma wamekuwa wakiniuliza jinsi sisi wa mtaa wa Mwanga tunavyoandaa jioni ya kuwakumbuka madereva mabingwa waliofariki kabla ya wakati wao, na kila mara nimewajibu kwa mdomo, nusu nusu, huku nikiwa na spana mkononi. Nimeona ni haki niyaandike yote kwa utulivu, kwa sababu shughuli hii ikiandaliwa vibaya huumiza watu, na ikiandaliwa vizuri huwafanya hata wasiopenda magari waondoke wakimfahamu mtu ambaye jana yake hawakujua kama aliwahi kuishi.

Kabla ya kutafuta viti na projekta, elewaneni kwamba jioni hii ni ya maisha ya dereva, si ya ajali yake. Mwaka wa kwanza sisi tulifanya kinyume. Tulikodi kibanda cha video, tukajaza watu, kisha tukaanza kwa kuonyesha mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500 za mwaka 2001, gari jeusi la Dale Earnhardt likipanda kuelekea ukutani. Dakika haikuisha, mama mmoja jirani yetu alisimama, akajitanda kanga yake, akatoka bila kusema neno. Mwanawe wa kwanza alikuwa amefia kwenye lori katika barabara ya Kasulu miezi michache kabla, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Asubuhi yake nilikwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniambia kwa upole, “Mwanangu, mngenieleza kwanza huyo mtu alikuwa nani.” Tangu siku hiyo kila tunachokipanga hukipima kwa maneno ya mama huyo.

Nani wakumbukwe

Kaeni watu watatu au wanne mkiwa na daftari, muandike majina kabla ya kutoa tangazo lolote. Hapa ndipo mabishano huanzia, kwa kuwa neno “bingwa” mtaani humaanisha yeyote aliyewahi kushinda, ilhali katika NASCAR ya enzi tunazozikumbuka bingwa alikuwa dereva aliyekusanya pointi nyingi kuliko wenzake wote katika msimu mzima. Joe Weatherly alikuwa bingwa wa 1962 na 1963, na taji la pili alilipata akiendesha magari ya timu mbalimbali. Alifariki tarehe 19 Januari 1964 katika uwanja wa Riverside, California, akiwa na umri wa miaka 41. Alan Kulwicki, bingwa wa 1992, alifariki kwa ajali ya ndege tarehe 1 Aprili 1993 akiwa na miaka 38. Dale Earnhardt, aliyetwaa taji mara saba kati ya 1980 na 1994, alifariki katika uwanja wa Daytona, Florida, tarehe 18 Februari 2001 akiwa na miaka 49. Richie Evans wa mji wa Rome, jimbo la New York, alikuwa bingwa mara tisa katika daraja la magari yaliyorekebishwa, yale yenye magurudumu yaliyo wazi, na alifariki akifanya mazoezi katika uwanja wa Martinsville tarehe 24 Oktoba 1985, akiwa na miaka 44, wakati taji la mwaka huo lilikuwa tayari limeshakuwa lake.

Wapo pia wapendwa ambao hawakuwahi kutwaa taji la msimu. Davey Allison ndiye anayetajwa zaidi hapa kwetu, na wengi humwita bingwa kwa mapenzi. Alishinda Daytona 500 ya mwaka 1992, na katika mbio hizohizo za mwaka 1988 alimaliza wa pili nyuma ya baba yake mzazi, Bobby Allison, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa msimu wa 1983. Davey alifariki tarehe 13 Julai 1993 akiwa na miaka 32, siku moja baada ya helikopta aliyokuwa akiirusha mwenyewe kuanguka ilipokuwa ikitua katika uwanja wa Talladega. Fireball Roberts naye, mshindi wa mbio 33, hakupata taji. Maoni yangu ni kwamba wote waingie katika jioni yenu, lakini kila mmoja kwa cheo chake halisi, na msimvike marehemu taji ambalo hakulivaa. Aliyeshinda mara 33 bila taji hahitaji kuongezewa kitu, na mgeni akigundua kwamba mlimdanganya katika jambo moja, hatayaamini hata yale ya kweli.

Msichukue majina zaidi ya matatu kwa jioni moja. Mkiwaleta wote, itakuwa orodha ya misiba, na masikio ya watu huchoka.

Mgeni asiyejua chochote aelezwe kwa maneno machache mbio zenyewe ni zipi. Magari ya stoki yaliitwa hivyo kwa sababu mwanzoni yalikuwa magari yaleyale yaliyouzwa madukani. NASCAR iliundwa mwaka 1948 chini ya uongozi wa Bill France, na mbio za kwanza za daraja ambalo baadaye lilikuja kuwa daraja lake kuu zilifanyika Charlotte tarehe 19 Juni 1949. Leo magari hayo hujengwa mahususi kwa ajili ya mbio na hufanana na ya madukani kwa sura tu. Mkiwa na mafundi katika hadhira, na Mwanga hawakosekani, wasimulieni kwamba katika mbio hizo za 1949 dereva aliyefika wa kwanza, Glenn Dunnaway, alinyang’anywa ushindi kwa sababu springi za nyuma za gari lake zilikuwa zimechezewa, na ushindi akapewa Jim Roper. Nimeshuhudia watu waliokaa kimya jioni nzima wakianza kuzungumza hapo, maana hakuna fundi wa Probox katika mkoa huu ambaye hajaombwa kuongeza nguvu ya springi.

Siku na saa

Tarehe ya kifo si lazima iwe tarehe ya shughuli. Februari na Aprili hapa kwetu ni miezi ya mvua, na mvua ikipiga bati hakuna spika itakayosikika. Aidha, miaka hii Februari na Machi zinakutana na Ramadhani, hivyo anayetaka kumkumbuka Earnhardt tarehe 18 Februari apange kuanza baada ya tarawehe, au asogeze mbele. Sisi tumeamua kufanya shughuli kubwa moja katikati ya Julai, karibu na tarehe ya Davey Allison, kiangazi kikiwa kimekolea na uwanja wa gereji ukiwa mkavu, na nyakati nyingine tunakutana wachache tu, kwa chai.

Tarehe ya Kulwicki ina tatizo lake. Ndege yake ilianguka usiku wa tarehe 1 Aprili kwa saa za Marekani, wakati ambapo kwetu kulikuwa kunapambazuka tarehe 2. Tangazo la msiba linalotolewa tarehe 1 Aprili watu huliona ni utani wa Siku ya Wajinga, na kijana wetu mmoja aliyelituma kwa simu siku hiyo alijibiwa kwa vicheko, jambo lililotuuma sana. Tumieni tarehe 2, ambayo kwa saa zetu ndiyo sahihi, na tangazeni wiki moja kabla.

Wanaotaka kuunganisha kumbukumbu na mbio zenyewe zikiwa zinaendelea wakumbuke kwamba Februari sisi tumewatangulia watu wa Florida kwa saa 8, na kuanzia Machi, wanaposogeza saa zao, tofauti hiyo hubaki saa 7 hadi mwanzoni mwa Novemba. Mbio zinazoanza Daytona saa nane na nusu mchana zitaanza Kigoma saa nne na nusu usiku, na hazitakwisha kabla ya saa saba au nane. Watoto na wazee hawawezi kukesha hivyo. Fanyeni kumbukumbu saa kumi na moja jioni kwa kutumia picha za zamani, kisha wanaotaka kukesha wabaki.

Mahali na vifaa

Kibanda umiza kina faida ya kuwa na televisheni na mabenchi tayari, lakini kina giza na joto, na mlango wake ni mmoja, hivyo mtu aliyeguswa na huzuni hana pa kutokea bila kutazamwa na wote. Uwanja wa gereji ni bora. Zungumzeni na mwenyekiti wa mtaa mapema, mkimweleza kwamba kutakuwa na spika na kwamba mtaizima wakati wa adhana ya Magharibi na ya Isha. Mkifanya hivyo hamtapata usumbufu; sisi tumepewa hata viti vya plastiki vya mtaa.

Video zote zipakueni mapema na kuziweka kwenye fleshi, kwa sababu bando huisha na mtandao hupungua jioni, watu wote wakiwa kwenye simu. Fleshi iwe mbili, na jenereta iwekwe nyuma ya ukuta ili mlio wake usimeze maneno ya msimulizi. Angalieni kila video kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya siku yenyewe, mkiandika dakika ya kusimamisha, kwa sababu nyingi huunganisha ushindi na ajali bila onyo.

Pambo letu tunalolipenda ni milango ya magari chakavu. Omba mlango kwa fundi wa bodi, uupige msasa, uupake rangi, kisha uandike namba ya dereva kwa ukubwa unaoonekana kutoka barabarani: namba 3 nyeupe juu ya mlango mweusi kwa Earnhardt, 61 juu ya rangi ya machungwa kwa Evans, 7 kwa Kulwicki, 28 kwa Davey Allison. Chini ya namba bandika picha iliyochapishwa kwenye duka la stesheneri, pamoja na karatasi moja yenye jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufariki na mataji. Wapita njia husimama wenyewe na kuuliza, na swali la mpita njia ni mwaliko bora kuliko tangazo. Kwa chakula, chai, kahawa na sambusa vinatosha. Hatuweki pombe, kwa sababu nitakayoieleza nikifika kwa dereva Rob Moroso.

Kumsimulia dereva mpaka aonekane

Hii ndiyo kazi yenyewe. Mteueni msimulizi mmoja kwa kila dereva, na mmpe muda wa wiki mbili kujiandaa. Asisome wasifu. Achague tukio moja ambalo ndani yake tabia yote ya mtu yule inaonekana, alijue tukio hilo hadi mwisho wake, na atafute njia ya kulionyesha kwa vitu vilivyopo. Nitatoa mfano wa Kulwicki, kwa kuwa ndiye tuliyemsimulia vizuri kuliko wote.

Alan Kulwicki alizaliwa tarehe 14 Desemba 1954 karibu na Milwaukee, jimbo la Wisconsin, mbali na majimbo ya kusini ambako mbio hizi zina mizizi. Alisoma uhandisi wa mitambo hadi shahada. Aliuza karibu kila alichokuwa nacho, akahamia Charlotte, akaanzisha timu yake mwenyewe, akiwa mmiliki na dereva kwa pamoja, na mwaka 1986 akawa dereva chipukizi bora wa msimu. Junior Johnson, mmoja wa wamiliki wenye nguvu, alimwita akaendeshe gari lake kwa fedha nyingi, naye akakataa. Mwaka 1992, zikiwa zimebaki mbio sita msimu uishe, alikuwa nyuma ya kinara kwa pointi 278, na wengi walimfuta. Hakukata tamaa, akapunguza pengo hilo wiki hadi wiki, na kufikia mbio za mwisho, zilizofanyika Atlanta tarehe 15 Novemba, madereva watatu walikuwa wamekaribiana mno: Davey Allison mbele, Kulwicki nyuma yake kwa pointi 30, na Bill Elliott nyuma ya Kulwicki kwa pointi 10. Siku hiyo, kwa ruhusa ya kiwanda cha Ford na ya NASCAR, jina la aina ya gari lake, Thunderbird, lililoandikwa mbele yake lilipunguzwa herufi mbili za mwanzo likabaki Underbird, mchezo wa maneno wa Kiingereza unaomtaja mnyonge ambaye hakuna anayetarajia ashinde.

Hapo msimulizi anyamaze na amwage vizibo vya soda mezani. Kila kizibo kihesabiwe kuwa pointi 5. Allison aligongana na gari la Ernie Irvan lililokosa mwelekeo mbele yake na matumaini yake yakaishia hapo, hivyo aondolewe mezani, wabaki wawili. Kulwicki apewe vizibo viwili, ambavyo ni zile pointi 10 alizomtangulia Elliott, na Elliott aanze bila kizibo. Elliott alishinda mbio, Kulwicki akawa wa pili; mshindi alipata pointi 175 na wa pili 170, kwa hiyo Elliott aongezewe kizibo kimoja. Kila dereva aliyeongoza walau mzunguko mmoja alipewa pointi 5, na wote wawili waliongoza, hivyo kila mmoja apewe kimoja. Sasa Kulwicki ana vitatu na Elliott ana viwili, na katikati ya meza kimebaki kizibo kimoja tu, zile pointi 5 za dereva aliyeongoza mizunguko mingi kuliko wote.

Waulizeni watu: kikienda kwa Elliott itakuwaje? Watahesabu na kuona kwamba watakuwa sawa, vitatu kwa vitatu. Waelezeni kwamba wakilingana, taji huenda kwa aliyeshinda mbio nyingi zaidi msimu ule, na Elliott alikuwa na ushindi mara tano, Kulwicki mara mbili. Taji lote la mwaka limo ndani ya kizibo kimoja. Mbio zilikuwa na mizunguko 328. Elliott aliongoza mizunguko 102. Kulwicki, ambaye gia namba moja ya gari lake ilikuwa imevunjika na kila alipotoka kuongeza mafuta alilazimika kuondoka kwa gia kubwa, aliongoza 103. Haikuwa bahati. Watu wake walikuwa wakiihesabu mizunguko, naye alikaa mbele kabla ya kuingia kuongeza mafuta mara ya mwisho hadi idadi hiyo ikawa haiwezi kufikiwa na mwingine. Sukuma kizibo cha mwisho upande wake.

Nimeifanya hesabu hii mara tatu mbele ya watu, na mara zote tatu kumekuwa na ukimya uleule kabla ya makofi. Mama jirani yetu, aliyerudi mwaka wa pili na kukaa karibu na mlango, aliinuka akaja mezani kuvihesabu vile vizibo upya kwa kidole chake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo msimulizi alipotamka kwamba mtu huyu alikuwa na siku 137 tu za kuishi akiwa bingwa, na kwamba alikuwa akielekea Bristol kwenye mbio wakati ndege ya mdhamini wake ilipoanguka.

Earnhardt ana matukio mengi, na msimulizi wake asidanganywe na wingi huo. Namshauri achague Daytona 500 ya mwaka 1998. Dereva aliyekuwa ameshatwaa mataji saba, ambaye wapinzani walimpa jina la utani la mtu wa kutia hofu, alikuwa amejaribu mbio hizo mara 19 bila kushinda, akizikosa mara nyingine karibu kabisa na mwisho, na aliposhinda mara ya 20 mafundi wa timu zote walijipanga kando ya njia kumpa mkono alipokuwa akipita polepole na gari lake. Mwacheni hadhira amwone akiwa katika furaha hiyo kabla ya lolote lingine.

Kukisema kifo

Kifo kisemwe mwishoni, kwa sentensi chache, bila video ya ajali, na kifuatiwe papo hapo na kilichobadilika katika mchezo. Weatherly alikuwa hapendi mkanda wa mabegani kwa kuogopa kunaswa ndani ya gari linaloungua, na wakati huo madirisha hayakuwa na wavu. Gari lilipogonga ukuta kwa ubavu, kichwa chake kilitoka nje. Wavu wa dirishani tunaouona katika kila gari la NASCAR leo unakizuia kifo cha namna hiyo. Fireball Roberts aliungua katika mbio za Charlotte tarehe 24 Mei 1964 na kufariki tarehe 2 Julai, na baada ya kifo chake jitihada ziliongezwa za kutengeneza nguo zisizoshika moto kirahisi na matangi ya mafuta yenye mfuko wa mpira ndani usiopasuka. Earnhardt alivunjika mfupa wa chini ya fuvu, kwa kuwa mwili ulishikwa na mikanda ilhali kichwa kiliachwa kiende mbele. Oktoba 2001 NASCAR iliwalazimisha madereva wake wavae kifaa kinachofunga kofia na mabega ili shingo isivutwe, na kuanzia 2002 viwanja vikaanza kuwekewa kuta za chuma zenye povu gumu nyuma yake, zinazobonyea na kupunguza nguvu ya kishindo. Tangu siku ya Earnhardt hakuna dereva wa daraja kuu aliyefia mbioni. Msimulizi aliseme hilo kwa sauti ya kawaida, na asiliongezee mahubiri, kwa maana waliokaa mbele yake wengi wao huendesha magari kila siku na wanajua mikanda yao ikoje.

Rob Moroso anahitaji uangalifu wa pekee. Alikuwa bingwa wa daraja la pili mwaka 1989, na tarehe 30 Septemba 1990, siku mbili baada ya kutimiza miaka 22, alifariki katika barabara ya kawaida ya North Carolina akiendesha kwa kasi na akiwa amelewa. Mwanamke aliyekuwa kwenye gari jingine alifariki pia. Mwisho wa msimu alitangazwa dereva chipukizi bora wa daraja kuu, tuzo aliyoipata akiwa kaburini. Baadhi ya wenzangu walitaka tuseme “alipata ajali” na kupita. Nilikataa, na bado nakataa. Mkimkumbuka Moroso, msemeni kwa ukweli wote, na katika dakika ya ukimya mumweke na yule mwanamke, kwa sababu naye aliondoka mapema. Kama hamko tayari kufanya hivyo, mwacheni Moroso nje ya orodha yenu. Hii ndiyo sababu hatuweki pombe: wengi huja na pikipiki na magari yao, nao watarudi gizani.

Kwa upande wa dua, tumeona ni vyema kutokabidhi kipaza sauti kwa dini moja. Tangazeni dakika moja ya ukimya, na kila mtu amwombee marehemu kwa namna aliyofundishwa nyumbani kwao.

Vidole vitatu na mzunguko wa kinyume

Mashabiki wa Marekani wana desturi mbili ambazo zinafaa kuigwa. Ya kwanza ilianza mwaka 2001 baada ya kifo cha Earnhardt: mbio zilipofika mzunguko wa tatu, watu walisimama na kuinua vidole vitatu kwa ajili ya namba yake 3, na watangazaji wa televisheni walinyamaza mzunguko mzima. Ninyi chagueni video ya mbio yoyote yake, izimeni sauti mzunguko wa tatu unapoanza, simameni. Katika uwanja wa Daytona, wenye urefu wa maili 2.5, mzunguko huchukua chini ya dakika moja, lakini dakika hiyo ni ndefu sana watu mia moja wanapokuwa kimya.

Desturi ya pili ni ya Kulwicki, na hapa kwetu haieleweki bila maelezo. Aliposhinda kwa mara ya kwanza, huko Phoenix mwaka 1988, aligeuza gari na kuuzunguka uwanja kwa kinyume, akauita mzunguko wa ushindi wa Kipolandi, kwa kuwa asili ya ukoo wake ni Poland. Watu wa Kigoma huuliza kwa nini ageuze. Usukani wa magari ya Marekani uko kushoto, na mbio hizi hukata kona za kushoto, kwa hiyo dereva huwa upande wa ndani, mbali na watazamaji. Akizunguka kinyume, dirisha lake huwaelekea na anaweza kuwapungia mkono. Usukani wa magari yetu uko kulia, na mtu asipoonyeshwa hilo hawezi kuelewa. Kwa hiyo msiufanye mzunguko huu kwa magari wala bodaboda barabarani, jambo ambalo ni hatari na ni kosa. Wapeni watoto. Vijana wadogo wa mtaani kwetu hutengeneza vigari vya waya na vya makopo kwa ustadi unaonishangaza kila mwaka, nao huchora duara la chokaa uwanjani, huzunguka mara moja kwa kushoto, kisha hugeuka na kuzunguka kwa kulia wakiwapungia wazee waliokaa.

Video ya mwisho ya jioni yetu haibadiliki. Tarehe 14 Novemba 1993, katika uwanja uleule wa Atlanta, Rusty Wallace alishinda mbio za mwisho wa msimu na Dale Earnhardt akatwaa taji lake la sita. Kulwicki na Davey Allison, waliokuwa wakigombea taji hapohapo mwaka mmoja kabla, walikuwa wameshafariki wote wawili. Wallace na Earnhardt waliyageuza magari yao na kuzunguka uwanja kwa kinyume, ubavu kwa ubavu, wakiwa wameshika bendera za namba 7 na namba 28. Msiweke maelezo juu ya video hii, wala muziki. Ikiisha, zima projekta, washa taa moja tu ya ukutani, na uiache milango yenye namba ilipo mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Wengi hupenda kuigusa kabla ya kutoka.